Kompyuta Ndiyo Imesema

Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanyakazi na jamaa zao, Muthurwa, Nairobi. Inachapwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile nao wakaomba wapate maneno yake.



Kamati imetuomba tuseme juu ya kompyuta, jinsi inavyofanya kazi. Tulisita kidogo, kwa maana sisi ni watu wa reli, hesabu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni, na wako vijana hapa Nairobi waliosomea jambo hili miaka minne. Lakini kamati ikasema, vijana hao wamealikwa mara mbili, wakaja na maneno ambayo hakuna aliyeyashika. Basi tumekubali. Tutakosea mahali, nanyi mtatusamehe.

Kwanza tueleze kilicholeta shauri hili. Mpangaji mwenzetu mmoja wa hapa Muthurwa anafanya kazi katika ghala la kampuni moja ya mjini. Kampuni hatuitaji, kwa kuwa jambo lenyewe bado liko mezani. Zamu yake huanza saa nane za mchana na kwisha saa nne za usiku. Lakini malori yakichelewa huambiwa abaki apakue mpaka mzigo uishe, na masaa hayo ya nyuma ni ovataimu. Mwezi mmoja akapokea karatasi ya mshahara, akaona ovataimu imepungua sana kuliko kazi aliyoifanya. Akaenda ofisini kwa adabu. Karani akatazama kioo cha mashine yake, akasema, "Ndugu, hapa mimi sina la kufanya. Kompyuta ndiyo imesema." Mwezi wa pili akarudi, akajibiwa vile vile.

Ndugu, maneno hayo matatu yamekuwa mlango wa chuma. Zamani karani akikosea hesabu, ulimwita nyapara, mkakaa watatu, mkahesabu upya. Siku hizi huna wa kumwita. Karani mwenyewe anaiogopa ile mashine kuliko wewe. Nasi tunataka kuonyesha leo kwamba nyuma ya mlango ule ziko kanuni zilizoandikwa na mtu, na kwamba kanuni za namna hiyo watu wa reli wanazifahamu tangu zamani, kwa kuwa nyingine zilitoka kwetu.

Tuanze na pointi. Pointi ya reli ina hali mbili tu: imelala kwenye njia kuu, au imegeuzwa njia ya pembeni. Ikikaa katikati, behewa linaanguka. Signali nayo hivyo hivyo, imefungwa au imefunguliwa. Ndani ya kompyuta hakuna zaidi ya hilo. Mna vijipande vidogo vinavyoruhusu umeme upite au visiruhusu, na katika simu uliyo nayo mfukoni viko mabilioni. Sasa hesabu. Pointi moja ina hali 2. Pointi mbili kwa pamoja zaweza kupangwa namna 4. Tatu, namna 8. Ukifika nane umepata namna 256, na hizo zatosha kuipa kila herufi yetu, kubwa na ndogo, na kila tarakimu, alama yake peke yake, na nyingine zabaki. Ndiyo maana jina lako, picha ya mtoto wako, na salio lako la benki vyote vikae mahali pamoja. Kwa mashine vyote ni safu za pointi zilizolala au kugeuzwa.

Lakini pointi elfu moja zilizotawanyika uwanjani hazina akili yoyote. Akili inatoka wapi? Waliowahi kuingia katika kibanda cha signali cha zamani wanajua. Mle mna safu ya leva za chuma, na chini yake mna vyuma vilivyokatwa mapengo ili leva moja imzuie mwenzake. Mwingereza John Saxby alipata haki ya uvumbuzi wa namna hiyo mwaka 1856, baada ya watu wengi kwisha kufa kwa kusahau kwa mtu mmoja aliyechoka. Kwa vyuma vile, signali haifunguki ila pointi iwe imefungwa sawasawa NA signali ya upande wa pili iwe imefungwa. Pointi nayo haigeuki kama signali yake imefunguliwa. Mwenye kibanda akivuta kwa nguvu zake zote, chuma kinakataa.

Yatazameni maneno yanayofanya kazi hapo. Ni matatu: na, au, si. Njia hii iwe tupu NA pointi ile iwe imefungwa. Treni ipite kushoto AU kulia. SI wakati signali imefunguliwa. Mwalimu mmoja wa hesabu, George Boole, aliandika kitabu mwaka 1854 akionyesha kwamba maneno hayo matatu yanaweza kuhesabiwa kama tunavyohesabu kujumlisha na kuzidisha. Watu wakaona ni mchezo wa wasomi. Kisha mwaka 1937 kijana wa miaka 21, Claude Shannon, akiwa chuo cha MIT kule Marekani, akaonyesha kwamba swichi za umeme zikiungwa mfululizo zinasema "na", zikiungwa sambamba zinasema "au", na kwamba kwa njia hiyo hesabu ya Boole yote yaweza kufanywa na waya. Kompyuta ya leo ni kibanda cha signali chenye leva mabilioni, na leva zenyewe huvutwa na leva nyingine.

Tukae hapa kidogo, maana ndipo penye jambo. Vile vyuma vya kibandani havifikiri. Fundi ndiye aliyefikiri, siku alipokata mapengo. Akikata vema, mwenye kibanda analindwa miaka hamsini. Akikata pengo moja vibaya, chuma kitatii kosa lile usiku na mchana, wala hakitaona haya. Ukimwuliza mwenye kibanda kwa nini leva haivutiki atakwambia chuma kimekataa, naye amesema kweli, lakini hajakujibu. Wa kujibu ni aliyekata chuma.

Jambo la pili litawafurahisha wakata tiketi. Mmarekani mmoja, Herman Hollerith, alikuwa akitafuta njia ya kuhesabu watu wa nchi yake upesi. Yeye mwenyewe alieleza kwamba wazo lilimjia kutokana na safari ya treni. Alikuwa amemwona mkata tiketi akitoboa tiketi ya kila abiria mahali mahali kufuatana na sura yake, nywele nyeusi au nyeupe, pua kubwa au ndogo, ili mwingine asije akaiba tiketi akaitumia. Hollerith akatengeneza kadi za kutobolewa kwa namna hiyo, kila mtu na kadi yake, na mashine ya umeme ya kusoma matundu. Hesabu ya watu wa Marekani ya mwaka 1890 ilifanywa kwa mashine zake. Kampuni yake ikaunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikaitwa IBM. Kwetu nako, shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lilikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini Kenya kutumia kompyuta, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Basi mtu akikwambia kompyuta ni mambo ya watoto wa juzi, mwambie iliingia Nairobi ikipitia reli.

Sasa juu ya kanuni zenyewe. Kanuni ya kompyuta, wanayoiita programu, ni orodha ya hatua. Fanya hili, kisha lile. Ikiwa hivi, nenda hatua ya saba. Ikiwa sivyo, rudi ya pili. Utaratibu wa hatua kama huo wasomi huuita algoriti, na neno hilo linatokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hesabu aliyekaa Baghdad katika karne ya 9. Mama anayepika chapati ana utaratibu wa hatua. Tofauti ni kwamba mama akiona unga ni mwepesi anaongeza bila kuambiwa. Mashine haiongezi.

Tutoe mfano mmoja, nao unatoka katika uwanja wa kupangia mabehewa. Wenye kufanya kazi pale wanajua ile njia ya pembeni iliyozibwa upande mmoja. Ukiingiza behewa la saruji, kisha la mbolea, kisha la ngano, huwezi kutoa saruji kwanza. La mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka. Mholanzi Edsger Dijkstra, mtu mkubwa sana katika elimu hii, mwaka 1961 alieleza njia ya kuifanya mashine ihesabu kwa mpango unaofaa, na njia hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina la uwanja wa kupangia mabehewa. Tazameni. Karani anaandika malipo ya siku: 500 + 4 × 150, yaani shilingi 500 za kawaida na masaa manne ya ovataimu kwa shilingi 150. Mjinga akisoma toka kushoto atajumlisha 500 na 4 kwanza, apate 504, azidishe kwa 150, na amlipe mtu shilingi 75,600 kwa siku moja. (Makosa ya upande huo hatujapata kuyaona katika karatasi ya mshahara.)

Dijkstra anafanya hivi. Tarakimu zote zipite moja kwa moja njia kuu. Alama ziingie njia ya pembeni zingoje. 500 yapita. Alama ya kujumlisha yaingia pembeni. 4 yapita. Inakuja alama ya kuzidisha; ni nzito kuliko ya kujumlisha, basi nayo yaingia pembeni, mbele ya mwenzake. 150 yapita. Treni imekwisha, toa yaliyo pembeni: ya kuzidisha iliingia mwisho, yatoka kwanza, ya kujumlisha yafuata. Sasa mashine inazidisha 4 kwa 150 ipate 600, ndipo ijumlishe na 500. Jibu 1,100. Hakuna uchawi hapo, ndugu, ni kazi ya asubuhi yoyote uwanjani.

Mfano mwingine tutaueleza kwa urefu, kwa sababu unahusu fedha za vikundi vyetu. Reli ya zamani ya kutoka Mombasa, na ile mpya iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 2017, zote mbili sehemu kubwa ni za njia moja, treni zinapishana mahali palipowekwa. Sheria ya njia moja ni kongwe: asiyeshika kibali haingii. Nchi nyingi kibali kilikuwa kipande cha chuma, na mashine za stesheni mbili zilifungwa kwa waya hata chuma kimoja kikiwa nje, cha pili hakitoki. Kwingine kilikuwa karatasi iliyotiwa sahihi. Dereva awe mkubwa namna gani, treni iwe imembeba waziri, bila kibali hasogei.

Sasa kikundi cha akiba. Akaunti ina shilingi 5,000. Mweka hazina na katibu wote wawili wana ruhusa ya kutoa. Siku moja, bila kuambiana, mweka hazina anatoa 3,000 hapa Muthurwa, na dakika ile ile katibu anatoa 3,000 kule Makadara. Mashine ina hatua tatu: soma salio, toa fedha, andika salio jipya. Inasoma kwa ajili ya mweka hazina: 5,000. Kabla haijaandika, inasoma kwa ajili ya katibu: 5,000 vile vile. Kila mmoja anapewa 3,000. Kila upande unaandika salio jipya: 2,000. Zimetoka elfu sita katika elfu tano, na daftari ladai zimebaki elfu mbili! Halafu mkutano unaitwa, na wazee wawili waaminifu wanaitwa wezi.

Dawa yake ni kibali. Anayetaka kugusa salio ashike kibali kwanza, asome, atoe, aandike, ndipo akirudishe. Mwingine angoje nje ya signali. Huyo huyo Dijkstra ndiye aliyeiweka kanuni hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaiita semafori, kwa jina la signali ya reli yenye mkono. Mashine za benki na za kutuma fedha kwa simu hazina budi kuwa na ulinzi wa namna hiyo, uitwe semafori au jina jingine. Nao una hatari yake. Stesheni ya juu imejaa, haiwezi kupokea treni mpaka moja iondoke iteremke. Stesheni ya chini nayo imejaa, haiwezi kupokea mpaka moja iondoke ipande. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na kila mmoja anafuata sheria barabara. Huo ni mkwamo. Mashine ikiganda mbele yako, mara nyingine ndani yake mna treni mbili zinazongojana.

Basi turudi kwa mwenzetu wa ghala.

Tuliketi watu wanne, jioni, yeye na karatasi zake. Kompyuta hatukuwa nayo, wala kanuni ya kampuni hatukuiona, maana hakuna aliyetuonyesha. Tulikuwa na penseli. Mwenzetu ana tabia njema moja, anaandika katika kijitabu saa aliyoingia na saa aliyotoka kila siku. Na karatasi ya mshahara ilikuja na orodha ya masaa, siku kwa siku. Tukaviweka viwili hivyo kando kwa kando. Siku aliyotoka saa tano za usiku, yaani 23:00 kwa saa ya mashine, alilipwa saa moja. Siku aliyotoka 23:30, saa moja na nusu. Hapo hapana kosa. Siku aliyotoka saa saba za usiku, yaani 01:00, alilipwa sifuri. Siku aliyotoka saa nane, 02:00, sifuri. Tukasoma tena tukidhani tumekosea mstari. Aliyefanya kazi nusu saa zaidi kabla ya usiku wa manane analipwa. Aliyeuvuka analipwa bure!

Mzee mmoja aliyekuwa gadi zamani alikuwa amekaa mlangoni akinywa chai. Akauliza, ameanza ovataimu saa ngapi? Tukamwambia, saa nne. Ametoka saa ngapi? Saa nane. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Manne. Mnasumbukia nini?"

Ndipo tukaona. Kwa saa yetu, usiku ni kitu kimoja. Saa nne, tano, sita, saba, nane. Ukitoa nne katika nane unapata nne. Lakini saa ya mashine inakatika katikati ya usiku. Inafika 23, kisha inarudi sifuri na tarehe inageuka. Anayetoka saa nane ameandikwa ametoka 2. Kanuni inasema, toa 22 katika saa ya kutoka. Toa 22 katika 2. Unapata 20 chini ya sifuri. Na mwenye kuandika kanuni, akijua kwamba mtu hawezi kufanya kazi masaa yaliyo chini ya sifuri, aliongeza hatua ya pili: jibu likiwa chini ya sifuri, andika sifuri.

Hayo yalikuwa makisio tu. Ili kuyapima tulichukua karatasi ya mwezi mwingine, tukafunika safu ya malipo, tukahesabu wenyewe kwa kanuni yetu ya kukisia, kisha tukafunua. Siku zote zikalingana isipokuwa moja, na hiyo mwenzetu akakumbuka kwamba alisahau kuweka kidole kwenye mashine ya mlangoni. Mwezi ule siku tisa alivuka usiku wa manane. Masaa 31 ya kazi, yote yamefutwa.

Haki itendeke, tuseme na hili. Saa yetu nayo ina mahali pake pa kukatika. Anayeanza saa kumi za jioni na kutoka saa mbili za usiku, mzee wetu wa vidole angetoa kumi katika mbili angekwama vile vile. Kila saa ina mshono mahali. Dawa yenyewe ni ndogo: saa ya kutoka ikiwa ndogo kuliko ya kuanzia, ongeza 24 kwanza. 2 na 24 ni 26, toa 22, manne. Mstari mmoja wa kanuni. Tena hatudhani aliyeiandika alikuwa mwizi. Yamkini ni mtu anayetoka ofisini saa kumi na moja za jioni, wala hajapata kuona tarehe ikigeuka akiwa kazini.

Mwenzetu akapeleka ile karatasi ya penseli kwa karani. Safari hii hakusema, "Nimepunjwa." Alisema, "Tafadhali hesabu siku hii mbele yangu." Karani akahesabu, akanyamaza, akaipeleka juu. Kanuni imekwisha kurekebishwa, na tangu hapo masaa ya usiku yanakuja sawasawa. Malimbikizo ya miezi ya nyuma bado, na wako wengine katika ghala lile lile ambao hawakuwa na kijitabu.

Msidhani ni mambo ya ghala moja tu. Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mashine za hesabu zilizoitwa Horizon katika maduka ya posta. Mashine zikaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wenye maduka wakasema hawakuiba, wakaambiwa mashine haikosei. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa, wengine wakafungwa jela, wengine wakauza nyumba walipe fedha ambazo hazikupotea. Mwaka 2019 mahakama ya London ikaamua kwamba mashine zilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu kwa mamia ya watu. Miaka ishirini na mitano, ndugu, na ile ni nchi yenye mawakili wengi.

Neno fupi juu ya mashine hizi mpya zinazosemwa kuwa zinajifunza. Kanuni zake haziandikwi mstari kwa mstari. Hupewa mifano mingi mno, mamilioni, na yenyewe hurekebisha hesabu zake kidogo kidogo mpaka majibu yakaribie yale yaliyotakiwa. Lakini mifano hiyo watu ndio wanaoipanga na kuiwekea alama, na wengine wao wako hapa hapa Nairobi. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo, na za kukagua picha na maneno machafu ya mitandaoni, walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Hao ni ndugu zetu. Kazi yao haina grisi, lakini wana madai kama yetu, mshahara mdogo na mambo mazito wanayolazimishwa kuyatazama kutwa.

Sheria nayo inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, yampa mfanyakazi haki ya kupewa karatasi ya mshahara inayoeleza malipo na makato. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, yasema hivi kwa maneno yetu: ikiwa uamuzi unaokugusa sana umefanywa na mashine peke yake, sharti ujulishwe kwa maandishi, nawe waweza kuomba uamuzi ule ufikiriwe upya, au ufanywe mwingine usiotegemea mashine peke yake. Kifungu hicho mkiandike mahali. Siku karani atakapowaambia kompyuta ndiyo imesema, mwulizeni kwa upole imefuata kanuni gani, na ombeni ahesabu siku moja kwa penseli mbele yenu. Siku moja tu yatosha, ila mchague siku iliyovuka usiku wa manane, au ya mwisho wa mwezi, au tarehe 29 Februari. Makosa hupenda kukaa kwenye mishono.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kamati imekubali tukutane tena hapa Jumamosi baada ya saa tisa za mchana. Wenye kufanya kazi za usiku, wa reli na wasio wa reli, walinzi, wapakuzi, wauguzi, mje na karatasi za mshahara za miezi mitatu, na kijitabu kama mnacho. Ambaye hana kijitabu aanze leo. Kile cha kurasa arobaini kinatosha mwaka mzima. Akina mama wanaouza sokoni usiku na wana hesabu za vikundi kwenye simu, nao waje. Penseli tutaleta sisi.